Chainizi Zisizolala

Nimelima chainizi tangu enzi naweza kutunga uzi kwenye sindano bila miwani, na sijawahi kuona chainizi inayokimbilia maua kabla ya kutoa majani. Sasa nilikuwa naziona kila asubuhi nyuma ya nyumba ya mkwe wangu, nazo zilinipandisha hasira hata kabla sijapiga mswaki.

Kwa asiyeijua, chainizi ni kabichi ya Kichina, ile isiyofunga kichwa. Mguu wake mweupe na mnene, jani lake pana na laini. Ukisia mbegu haikuchoshi kwa kusubiri. Ukihamisha miche ukaipa maji na samadi kidogo, mwezi hauishi vizuri unaanza kuchuma majani ya pembeni huku ya katikati yakiendelea kuja. Ni mboga isiyo na makuu. Ndiyo maana niliichagua, maana mimi subira sikupewa.

Hizi zilifika urefu wa kiganja zikaingiwa na wazimu. Katikati linachomoka shina jembamba, juu yake vitumba, ukigeuka unakuta maua ya njano. Majani yanabaki madogo, magumu, machungu. Mara ya kwanza nililaumu jua, nikaweka chandarua. Mara ya pili nililaumu vile vidudu vyeusi vinavyoruka na kutoboatoboa majani, nikanyunyiza majivu mpaka tuta likawa kama jiko. Mara ya tatu nililaumu mbegu, nikamwendea muuza mbegu dukani kwake.

"Umeniuzia mbegu za maua," nikamwambia.

"Mama, wateja wangu wote wananunua kopo hili hili na wanakula mboga," akasema bila kuinua macho kwenye mizani yake.

"Basi mchawi ni mimi."

"Sijasema hivyo. Labda zina shida. Mmea ukiona maisha magumu hukimbilia kuzaa."

"Hata watu," nikamwambia, nikanunua kopo jingine.

Njiani nikawa nasonya. Zina shida gani, nami nazimwagilia kuliko ninavyojimwagilia mwenyewe? Kama kuna waliokuwa na shida ni wenye nyumba.

Nyumba ile ni ya fundi umeme. Alimwoa binti yangu, na binti yangu alipofariki akabaki na mtoto wao mmoja, msichana, anayemaliza shule ya msingi sasa. Mtoto huyo tulimwita Chiriku kwa jinsi alivyokuwa akisema tangu anapofumbua macho mpaka anapoyafumba. Mimi nilikuwa naishi kwangu, nakuja kuwaona na kurudi. Kisha wakaingia wezi.

Walivunja dirisha la jikoni. Walichukua drili ya fundi, mizunguko ya waya, mtungi wa gesi, vitu ambavyo mtu hununua vingine. Lakini mmoja wao aliingia chumba cha Chiriku. Mtoto aliamka akamwona mtu amesimama miguuni pa kitanda, akafumba macho na kujifanya amelala mpaka mtu yule akatoka. Baba yake alikuwa chumba cha pili, ukuta mmoja tu katikati, amelala fofofo kwa uchovu wa kazi. Hakusikia kitu. Habari alipewa na mtoto asubuhi.

Tangu hapo usingizi ulimpaa. Alifunga nondo madirishani, akabadilisha makufuli yote, na kwenye ukuta wa nyuma akatundika taa. Usifikiri taa ya kusomea. Ilikuwa taa kama zile za uwanja wa mpira, inayojiwasha yenyewe jua likizama na kujizima kukikucha. Jogoo wa jirani alichanganyikiwa, akawa anawika watu wakila chakula cha jioni. Jirani mwenyewe alishukuru, alisema siku hizi anashona vifungo kibarazani kwake bila kuwasha taa yake.

Chiriku akaacha kusema. Mwalimu wake akamwita baba yake, akasema mtoto anasinzia darasani mpaka kalamu inamdondoka mkononi. Ndipo nilipofunga virago nikaja. Haikupita wiki nikawa nimechimba tuta nyuma ya nyumba, kwa sababu katika nyumba ile mikono ikikosa kazi kichwa kinapasuka.

Nilidhani nimekuja kuwatuliza. Wapi. Wao ndio walioniambukiza. Nikawa nanyanyuka katikati ya kula kwenda kuosha sufuria safi. Nikawa nafagia ua, nafika mwisho, narudi nilikoanzia nafagia tena. Fundi alikula amesimama, anatafuna na kutazama dirishani. Heshima zake kwangu zilikuwa pale pale, ananiita mama, ananipashia maji ya kuoga, lakini ukimwuliza jambo la leo anakujibu la jana. Na mchana mtu huyo huyo anapanda ngazi za watu, anaingia darini kufunga nyaya, macho mekundu. Nilikuwa nawaza, siku moja atashika waya usio wake, mtoto abaki yatima kabisa.

"Mke mwenzangu," nilimtania Chiriku akitoka shule, "leo wamesemaje huko?"

Zamani angenijibu mpaka nijute kuuliza. Sasa alisema, "Hakuna kitu, bibi," akaendelea kuchorachora meza kwa kidole.

Chainizi za mbegu mpya nazo zilipotoa vitumba, nikakata shauri. Nilimpigia simu mwanangu wa kiume, kisha nikamngoja Fundi arudi kazini. Alikuwa ameketi kizingitini anavua viatu.

"Fundi," nikamwambia, "Jumamosi mjomba wake anakuja na gari. Namchukua Chiriku akakae kwangu."

Alibaki na kiatu kimoja mkononi. "Kwa muda gani, mama?"

"Mpaka alale."

"Hapa kuna nondo. Kuna taa. Kwako hakuna hata komeo la maana."

"Kwangu kuna giza," nikasema. "Watoto hulala gizani."

Hakubisha. Angebisha ningepata nafuu, ningegombana naye, hasira zingenitoka. Alikivaa tena kile kiatu, akatoka kwenda kukagua kufuli la geti ambalo alilikagua wakati anaingia. Wakati huo huo jua likazama, taa ikajiwasha, ua wote ukawa mweupe, nikamwona vizuri akilivuta lile kufuli, analiachia, analivuta tena.

Roho iliniuma. Binti yangu alimwachia mtu huyu kitu kimoja tu duniani, na mimi mama yake ndiye nakuja kukibeba. Nilijua pia kwamba mtoto akishazoea kwangu, akapata shule na marafiki, kurudi hakuna. Kusema "mpaka alale" yalikuwa maneno ya kumpoza tu. Lakini ningefanyaje? Mtoto alikuwa anaisha mbele ya macho yangu.

Asubuhi nikaingia bustanini kuzing'oa chainizi zote. Sikuwa na haja ya ndoo wala jembe, hasira zilitosha. Nikaanza mstari wa mbele, nang'oa na kutupa, nang'oa na kutupa. Nilipofika upande wa tangi la maji mkono ukasita wenyewe.

Za pale zilikuwa chainizi kweli. Miguu minene, majani mapana yamelaliana, ua hata moja hakuna. Nikasema tangi linavuja, zimejinywea. Nikapapasa udongo, mkavu kama kwingine. Nikachungulia chini ya tangi, hakuna tone. Mbegu ni zile zile, nilizipanda siku ile ile, na samadi nilimwaga mwenyewe kwa mkono huu.

Fundi alikuwa anapita na mfuko wake wa kazi. "Hebu njoo uone maajabu," nikamwita.

Alikuja, akatazama kama wanaume wanavyotazama mboga, kwa adabu, huku mawazo yako kwingine. Kisha akaweka mfuko chini na kuinama. Mimi nilikuwa nimezisogelea mno, sikuona alichoona yeye. Kati ya zenye maua na zisizo na maua ulipita mstari, umenyooka, unakata tuta langu mshazari. Aliufuata kwa macho mpaka kwenye pembe ya tangi, na kutoka pembe ya tangi akapanda nao juu mpaka ukutani.

"Ni kivuli," akasema.

"Kivuli gani, na jua liko huku?"

"Si cha jua, mama. Cha taa. Tangi linakinga mwanga, hapa nyuma yake haufiki. Mimi ndiye niliyeielekeza, naijua inapoishia." Akaonyesha kwa mkono, upande mmoja, halafu wa pili. "Hizi za mbele hazijaona usiku tangu zichomoze."

Nikaelewa. Mmea hupima siku kwa giza. Ukikosa giza unadhani siku zimerefuka, msimu unakwisha, unakimbilia maua usije ukafa bila kuacha mbegu. Nikacheka, kicheko kisicho kizuri. "Yaani umezinyima usingizi hata mboga."

Yeye hakucheka. Alikuwa anatazama dirisha la Chiriku. Lilikuwa mbele kabisa, hakuna tangi wala mti wa kulikinga, na pazia lake lilikuwa limepauka kama lililoanikwa juani mwaka mzima. Alileta ngazi, akapanda na nguo zake za kazini, akakata waya na kuishusha ile taa yote, akailaza kifudifudi kwenye stoo. Siku hiyo alichelewa kazini kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

Nikashusha pumzi. Nikasia mbegu mpya papo hapo, nikatandaza nyasi juu, nikajiambia yamekwisha. Nusura nimpigie mwanangu asije. Kitu kikaniambia ngoja kwanza, uone mtoto atalala.

Hakulala. Ilizidi. Aliamka macho yamevimba, akaenda shule na kulala juu ya dawati moja kwa moja, wakamrudisha nyumbani na ujumbe kwamba aonwe na daktari. Na Fundi, kwa kuwa sasa haoni kitu kutoka dirishani, hakutosheka tena na kutoka nje mara moja moja kama mwanzo, alitoka na tochi. Alizunguka nyumba usiku kucha. Nilikuwa namsikia kutoka kitandani kwangu, changarawe zinalia chini ya viatu, zinakwenda, zinarudi. Nikasema basi, taa haikuwa na kosa, nyumba yenyewe ndiyo imeharibika. Mwanangu sikumpigia.

Jumamosi akaja na gari lake la kubebea magodoro, maana ndiyo biashara yake, mengine yamefungwa kamba huko nyuma. Ni mtu wa haraka. Alisimama mlangoni huku gari linanguruma getini.

"Mama, nina mteja ananingoja. Mizigo iko wapi?"

Begi la Chiriku lilikuwa pale pale mlangoni, limejaa mpaka zipu inagoma. Fundi ndiye aliyelipanga. Alikuwa amekunja nguo moja moja kama za dukani, na soksi akazikunja mbili mbili. Mtoto amevaa viatu vya kutokea, amesimama kando ya begi anatazama sakafu.

Nilitegemea atalia, au atafurahi, nipate kujua nafanya jema au baya. Hakufanya lolote kati ya hayo, nami nikachachamaa.

"Wewe unataka kwenda au hutaki? Umeacha kusema siku nyingi. Leo sema."

"Sijui, bibi."

"Basi niambie kinachokunyima usingizi. Taa baba yako ameshaishusha."

Alimtazama baba yake haraka, akarudisha macho chini. "Si taa," akasema. "Ni miguu."

"Miguu ya nani?"

"Ya baba. Anatembea nje usiku, anapita dirishani kwangu. Kila akipita nafikiri ni yule mtu. Mpaka akohoe ndiyo najua ni baba. Nikianza kulala anazunguka tena."

Mwanangu alikwenda akazima gari.

Fundi alitafuta pa kukaa. Kilichokuwa karibu kilikuwa begi, akalikalia, mgongo ukutani.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungesikitika."

Akajifuta uso kwa viganja viwili, akavishikilia pale kwa muda. Alipovitoa alisema neno ambalo najua lilikuwa limemkaa kooni tangu siku ya wezi. "Chiriku, mimi siku ile nililala. Mtu yuko chumbani kwako, na mimi nimelala. Sasa nikifumba macho tu..."

"Najua ulilala," mtoto akasema. "Nilikusikia unakoroma."

Mimi nilitazama dari. Nilikuwa nataka kumziba mtoto mdomo, na nilikuwa nataka aendelee.

"Nilikuwa nakusikiliza wewe," akasema. "Nilifumba macho nikawa nasikiliza unavyokoroma. Nikajua hawajakufanya kitu. Nikajua upo hapo ukutani. Ungeamka wangekupiga, baba, walikuwa na chuma. Nikawa naomba usiamke. Sasa hivi hukoromi kabisa, usiku nikiamka sisikii kitu chochote, nasikia miguu tu."

Yalikuwa maneno mengi kuliko yote niliyoyasikia kwake tangu nifike. Fundi alimvuta akamkumbatia, kichwa cha mtoto kikapotea kwenye kwapa lake, na mimi nikakimbia. Sioni haya kusema. Nilikwenda jikoni nikabandika chai ambayo hakuna aliyeiomba, nikasuuza vikombe visafi, nikalia na kupenga kamasi kwenye ncha ya khanga mpaka maji yalipochemka.

Niliporudi na sinia, Fundi alikuwa amelala. Pale pale juu ya begi, kichwa kimeegemea ukuta, mdomo wazi, mkono mmoja umeshika mkanda wa begi, mwingine umeanguka sakafuni. Alikuwa anakoroma. Chiriku amechuchumaa mbele yake, anamtazama usoni.

Mwanangu aliangalia saa. "Mama, mteja." Akainama kumgusa bega. "Shemeji."

Chiriku akamdaka mkono. "Mjomba, usimwamshe."

"Amekalia begi lako."

"Liache."

"Na wewe?"

Mtoto alivua viatu vyake vya kutokea, akaketi sakafuni ubavuni pa baba yake, akanyoosha miguu. Mwanangu akanitazama mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyemwita na kauli ilikuwa yangu. Neno moja tu lingetosha. Fundi siku hizo alikuwa anaamka hata jani likianguka, angesimama, angeomba radhi, angelibeba begi mwenyewe mpaka kwenye gari, na asingelala tena mpaka kufa kwake.

"Nenda kwa mteja wako," nikasema.

"Mama, nimetoka mbali."

"Najua, baba. Nenda. Na usipige honi."

Alinuna, lakini ni mtoto niliyemlea mwenyewe. Alilisukuma lile gari na magodoro yake mpaka likafika barabarani ndipo akaliwasha.

Fundi alikoroma mpaka jua likageukia upande wa pili wa nyumba. Mlango ulikuwa wazi na geti lilikuwa wazi, hakuna aliyekwenda kulifunga. Miche yangu mipya huko nyuma haijapata maji tangu asubuhi, na mimi nilikuwa nimeketi kwenye kiti na sinia magotini.

"Bibi," Chiriku akaninong'oneza, "anakoroma kama jenereta."

"Nyamaza, mke mwenzangu. Utamwamsha."

Hakunyamaza. Alianza kunisimulia kwa kunong'ona mambo ya shule, ya dawati lake lililovunjika mguu, ya rafiki yake aliyeficha chaki ya mwalimu na jinsi walivyoulizwa wote mmoja mmoja, na yeye alipofikiwa akasema, na hapo hapo katikati ya neno kichwa chake kikaangukia bega la baba yake. Sikujua alisema nini kwa mwalimu. Nilisogeza kiti mpaka mlangoni, nikakaa, macho getini.